Pauni Zenye Uzito Kamili

Sarafu ya kwanza ilitua kwenye mizani ndogo, namba zikacheza kidogo, zikatulia. Mama Lenzi, mfanyabiashara wa sarafu kuukuu, alizisoma. Akaiondoa kwa kibano chenye ncha za plastiki, akaweka ya pili, kisha ya tatu. Alipomaliza ya sita aliegemea kiti, akavua miwani na kumtazama Inspekta aliyesimama ng'ambo ya meza.

"Umezitoa wapi hizi, mama?" alimwuliza.

"Nitakuambia ukishaniambia ni kitu gani."

"Kwa mchezo huo tutakesha."

Koplo alikuwa amekaa karibu na mlango, bahasha ya vielelezo mapajani. "Ni dhahabu," alisema. "Hilo tunalijua. Sonara wa mjini alizisugua kwenye lile jiwe lao jeusi, akadondoshea tindikali, zikapita. Karati ishirini na mbili. Pauni za Mwingereza, za malkia yule wa zamani."

"Kumbe mnajua. Basi mmekuja kunisaidia kunywa chai."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye nondo dirishani na trei za sarafu kuukuu, stempu na medali kwenye kuta zote. Palinuka karatasi za zamani. Taa yenye shingo ndefu iliinamia meza, na nje ya mwanga wake kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi.

Inspekta alivuta kiti. Kwa siku kadhaa alikuwa ameyabeba mambo haya kichwani kama mzigo usio na pa kutuliwa. Karani mstaafu wa mahakama, mjane, alikutwa amekufa kitandani kwake, mto uko sakafuni. Daktari alionyesha vidoa vya damu ndani ya kope na mdomo wa juu uliochanwa na meno ya marehemu mwenyewe. Mzee alikuwa amezibwa pumzi. Kesho yake mkwe wake, dereva wa gari la kusambaza mikate, alikamatwa katika duka la sonara mjini, pauni sita za mzee zikiwa ndani ya soksi. Alidai mzee ndiye aliyempa. Hakuna aliyemwamini. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka jioni ile, na shtaka lilikuwa la kuua.

"Hizi zilikuwa za mtu aliyeuawa," Inspekta alisema. "Aliyekutwa nazo yuko mahabusu. Nataka kujua kama ni za kweli."

Mama Lenzi alirudisha miwani. "Dhahabu ni ya kweli. Pauni si za kweli."

Koplo alikohoa. "Dhahabu ya kweli, pauni ya uongo?"

"Njoo huku. Acha kukaa mlangoni kama mdai."

Aliweka sarafu moja chini ya lenzi iliyounganishwa na kioo cha kompyuta. Kichwa cha malkia kijana kikajaa kioo kizima, nywele zimefungwa kwa utepe nyuma.

"Tazameni nywele zilizo juu ya sikio. Zimelala, hazina uzi hata mmoja. Nageuza. Huyu mpanda farasi, kofia yake ya chuma imepoteza kishungi. Paja la farasi limekuwa bapa. Joka analolikanyaga limebaki kama mjusi aliyekanyagwa na baiskeli. Hii ni sarafu iliyotembea. Imekaa mfukoni na funguo, imetupwa juu ya meza za watu, imesuguliwa na wenzake ndani ya mikoba. Kila mkono unakula kidogo. Sawa?"

"Sawa."

"Pauni hii ikitoka kiwandani, kabla hajaishika mtu, ina gramu saba nukta tisa tisa. Iliyochakaa namna hii ningetegemea nukta tisa nne, nyingine nukta tisa moja, nyingine chini zaidi. Kila moja na safari yake. Sasa hizi zote sita zina saba nukta tisa tisa. Umewahi kuona wazee sita waliokonda, mifupa inahesabika, halafu kila mmoja ana kilo zilezile za ujana wake?"

"Mama mkwe wangu," Koplo alisema.

"Mama mkwe wako mwache alale." Mama Lenzi alichukua chombo cha kupimia upana, akaibana sarafu taratibu. "Tena ni ndogo kuliko inavyotakiwa, kwa unywele. Na ni nene kuliko inavyotakiwa. Dhahabu ukiimimina kwenye kalibu, ikipoa inasinyaa. Aliyezitengeneza aliona zimesinyaa na uzito umepungua, akaongeza unene mpaka mizani ikamridhisha."

Inspekta aliinama karibu na kioo. "Kwa nini mtu apoteze dhahabu halisi kutengeneza kitu cha bandia?"

"Hapotezi. Dhahabu ataipata popote. Lakini kwenye hizi ipo miaka ambayo wakusanyaji wanatoana macho kwa ajili yake. Wao hawanunui dhahabu, wananunua mwaka, wananunua kwamba zimebaki chache. Ukizichukua za kweli ukaacha hizi mahali pake, mwenyewe akizipima ataona dhahabu yake ipo. Atalala usingizi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku atakapozitazama vizuri." Alirudisha kichwa cha malkia kwenye kioo na kuweka ncha ya kalamu chini ya sikio. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba shingoni, umejikunja mwishoni kama ndoano. "Huu mnauona." Akabadilisha sarafu. Mwaka ulikuwa mwingine. Mkwaruzo ulikuwa uleule, mahali palepale, na ndoano yake. Akabadilisha tena.

Koplo aliacha kuandika.

"Kichwa ni kimoja, kimeigwa mara sita," Mama Lenzi alisema. "Alichagua sarafu yenye sura nzuri kuliko zote, akachukua kichwa chake. Upande wa farasi ndio una mwaka, huo aliiga kila mmoja wake. Mkwaruzo ni wa sarafu mama. Hakuuona, au aliuona akaudharau."

"Mwenye sarafu mama angeutambua?"

"Makovu ya sarafu zangu nayajua kuliko ya mume wangu."

"Na wewe ungetaka kuziiga, ungezipa uzito huu?"

Mama Lenzi alicheka kwa pua. "Mimi? Ningeziacha zipungue. Huo upungufu ndio uzee wenyewe. Mfanyabiashara yeyote wa sarafu anajua."

Inspekta aliomba picha sita za shingo ya malkia, kubwa, na mwaka wa kila sarafu chini yake. Zilipokuwa zinachapishwa simu yake ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Za bandia?" mkuu alisema baada ya kumsikiliza. "Basi kijana kamwua mzee kwa ajili ya vitu vya bandia. Bado kamwua. Leo jioni, Inspekta."

*

Binti wa marehemu alikuwa kwenye benchi la kituo, mahali alipokaa kila siku tangu mumewe akamatwe. Alikuwa mshonaji, na hata pale mikono yake haikutulia. Alikuwa anakunja na kukunjua shati safi la mumewe juu ya mapaja. Inspekta alimpeleka kwenye chumba cha mahojiano, akamwekea picha moja mezani.

Binti alitabasamu kabla hajajua kwamba anatabasamu.

"Hii ni ya mama."

"Ya mama vipi?"

"Baba alipokwenda kuposa alimwonyesha mama sarafu zake. Alitaka kujisifu. Mama akasema, nitajuaje kama si shaba? Akachomoa sindano kwenye gauni lake, akamkwaruza malkia shingoni. Baba alitaka kulia. Mpaka mama anakufa alikuwa anamtania, mke wangu hata malkia hamwamini." Aligusa picha. "Ni hii. Hii ndoano hapa, ndipo baba alipomshika mkono."

"Zenye alama hii zilikuwa ngapi?"

"Moja. Mama alikwaruza moja tu."

Inspekta aliweka picha nyingine tano, moja baada ya nyingine. Binti alizitazama, akarudi kwenye ya kwanza, akazitazama tena. Shati liliteleza likaanguka sakafuni.

"Sielewi."

"Hizi ndizo alizokutwa nazo mumeo. Zimetengenezwa kwa kuiga ile ya mama yako. Kwa hiyo aliyezitengeneza alikuwa na sarafu za baba yako mkononi, na alikuwa nazo kwa muda wa kutosha. Mumeo aliwahi kukaa nazo?"

"Yeye? Baba alikuwa hataki hata tuzipumulie. Zilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chake. Wakati wa kuzisafisha alifunga mlango."

"Ziliwahi kutoka nyumbani?"

"Hapana." Alifikiri. "Ila tulipoezua paa. Mafundi walikuwa wanaingia na kutoka, baba akaogopa. Alizipeleka kwa baba mdogo, akazifungia kwenye sefu ya dukani. Zilirudi paa lilipokwisha."

"Baba yako mdogo ni sonara."

"Ndiyo. Wanamwita Bwana Nukta." Alitaka kucheka tena, haikutoka. "Hata sukari nyumbani kwake inapimwa. Tulipokuwa watoto akitugawia pipi alikuwa anazikata katikati kwa kisu, asije mmoja akapata zaidi. Inspekta, yeye ndiye anayeshughulikia mazishi. Nilikuwa nataka kuuliza, mwili tutapewa lini? Amesema yeye ndiye atakayemwosha baba. Hataki mtu mwingine."

Inspekta aliokota shati, akalikung'uta, akamrudishia. "Nisubiri kwenye benchi," alisema. "Usimpigie mtu simu."

*

Dereva aliletwa bila mkanda, ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na ndevu zilizoota mahabusu zilimfanya aonekane kama ndugu mkubwa wa picha yake mwenyewe iliyokuwa ndani ya jalada.

"Nimeshaeleza, mama," alisema kabla ya kuulizwa. "Mzee alinipa."

"Alisema nini alipokupa? Maneno yake."

"Si nimeshaeleza?"

"Hapa imeandikwa, 'alidai kupewa.' Basi. Nataka maneno."

Dereva aliangalia ukuta. "Alisema, peleka hizi kwa sonara asiyetujua, azipime. Ama macho yangu yananidanganya, ama kuna mtu ananidanganya. Alikuwa ameshika ile lenzi yake ya kusomea gazeti. Akasema, na usimpitie baba yenu mdogo."

"Hilo la mwisho hukuliandikisha."

Dereva alivuta suruali juu.

"Nakuuliza."

"Ningesema nini?" Sauti yake ilishuka. "Yule ndiye aliyenisimamia siku ya ndoa yangu. Mke wangu hana mtu mwingine sasa. Nikae humu ndani, halafu nimwambie na baba yako mdogo ni mwizi, kwa neno moja la mzee ambaye hayupo? Nilidhani mtagundua wenyewe kwamba sikuua."

"Watu wengi wanadhani hivyo," Koplo alisema, si kwa ubaya.

"Siku ile mzee alisema atampigia simu mtu yeyote?" Inspekta aliuliza.

"Alisema usiku ataongea na mdogo wake. Amwulize yeye kwanza, kabla majibu hayajaja. Alisema ni haki yake aulizwe."

Koplo aliinua macho. Inspekta alikuwa ameshafunga jalada. Ndani yake palikuwa na karatasi moja ya maabara ambayo kila mtu aliisoma haraka: kwenye foronya palikutwa vumbi jekundu, na mpelelezi wa kwanza aliandika pembeni kwa kalamu, "kutu ya gari." Inspekta alikuwa ameliona gari la mikate. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, jeupe lote, safi kama sahani.

*

Duka la Bwana Nukta lilikuwa na kabati la vioo mbele na karakana nyuma, zimetengwa kwa pazia. Alikuwa ameketi kwenye motori ya kung'arishia, pete imebanwa kwa vidole viwili, na gurudumu la kitambaa mbele yake lilikuwa jekundu kwa ule unga ambao masonara wanautumia kung'arisha. Unga ulikuwa kwenye mikunjo ya vidole, chini ya kucha, na kwenye mkono wa shati. Juu ya kila meza palikuwa na mizani. Inspekta alihesabu nne kisha akaacha.

"Karibu, binti yangu." Alizima motori. Ilizunguka bado, ikilia polepole. "Umekuja kuhusu mwili?"

"Nimekuja kuhusu sarafu."

"Ah. Yule kijana." Alitikisa kichwa. "Tulimlea kama wetu."

"Kaka yako aliwahi kukuletea uzihifadhi."

"Wakati wa paa, ndiyo. Zilikuwa ndani ya kopo lake, amelizungushia utepe kama jeneza. Nililiweka kwenye sefu, nikalitoa, nikamrudishia. Utepe na yote."

"Hukuzitazama?"

"Za nini?"

"Wewe ni sonara. Kopo la dhahabu limekaa kwako muda wote ule, hukuzipima hata moja?"

"Mali ya mtu haipimwi bila ruhusa yake. Huo ndio utaratibu wangu, uliza mtaa mzima."

"Mara ya mwisho kwenda kwa kaka yako ilikuwa lini?"

"Nilipomrudishia kopo. Baada ya hapo tumeongea kwa simu tu."

"Usiku ule alipofariki alikupigia."

"Alinisalimia."

"Alilala na foronya yenye unga kama huo ulio kwenye vidole vyako."

Bwana Nukta alitazama mikono yake bila haraka. "Unga huu uko kwa kila sonara. Yule kijana alikamatwa wapi? Kwa sonara. Mimi sikusoma sheria, kaka ndiye aliyekuwa mtu wa mahakama, lakini hilo hata mimi naliona."

"Alikamatwa kesho yake. Mzee alikuwa ameshakufa," Koplo alisema.

"Basi mtaniambia nyinyi. Ndio kazi yenu."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha wateja. Alitoa picha moja tu kwenye bahasha, ya upande wa farasi, akaiweka juu ya kabati la vioo.

"Tumegundua ni za bandia, baba. Aliyezitengeneza alimwibia kaka yako dhahabu."

"Za bandia?"

"Zimepungua. Zote sita. Fundi gani sijui, njaa tu ilimtuma. Alichanganya alichochanganya, akapunja kila moja."

"Si kweli," Bwana Nukta alisema.

"Mizani ndiyo iliyosema."

"Mizani ya nani?"

"Ya mtaalamu."

"Hiyo mizani imekufa. Iliwekwa sawa lini? Ilikuwa karibu na dirisha? Hata feni inaiyumbisha." Alikuwa amesimama. "Mletee mtu mizani nzima ndipo aje kuongea habari za kupunja."

"Labda fundi alikuwa mzee, mkono unatetemeka. Nukta moja huku, nukta mbili kule, nani ataona? Mzee wa watu alikuwa hajui. Akapunjwa."

"Hakupunjwa." Sauti haikupanda, ila kila neno lilitoka peke yake. "Zile ni saba nukta tisa tisa, kila moja. Hakuna iliyopungua hata kwa chembe."

Motori ilikuwa imesimama kabisa. Koplo alikuwa anaandika, na mkwaruzo wa kalamu yake ulisikika chumba kizima.

"Ulisema hukuzipima," Inspekta alisema.

Bwana Nukta alikaa tena. Akafuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja. "Uzito wa pauni kila sonara anaujua. Hata mwanafunzi wa juzi."

"Wa pauni mpya, ndiyo. Za kaka yako zilikuwa kuukuu. Zimelika, na kila moja ililika kivyake. Hakuna hata moja iliyokuwa na uzito huo. Zenye uzito huo ni hizi zilizomiminwa tu, na hizi sonara wa mjini hakuzipima, alizitia tindikali. Zimepimwa na watu wawili. Mmoja alizipima leo asubuhi mbele yangu."

Bwana Nukta alitazama picha ya mpanda farasi. Kisha akafanya jambo ambalo Inspekta hakulitarajia. Aliigeuza ikae sawasawa na ukingo wa kabati.

"Ungemwambia mtu hilo, angenielewa," alisema. "Zake zilikuwa zimelika. Nilizipima zote. Pungufu huku, pungufu kule, moja ilikuwa aibu. Mimi nilimrudishia zimejaa. Dhahabu yangu mwenyewe nilitia. Mwizi gani anaongeza?"

"Za kwake ziko wapi?"

"Zimekwenda kwa mtu anayejua kuzitazama. Yeye alizifungia gizani maisha yake yote. Hata mwanawe hakumruhusu kuzishika. Nilichochukua ni nini? Miaka? Sura ya mwanamke? Dhahabu yake ilikuwa kwake, kamili, na zaidi."

"Alikuita usiku ule."

"Aliniita mwizi." Alitamka neno hilo kama mtu anayetema mfupa. "Nyumba ileile tulimolelewa. Yuko kitandani na lenzi yake, ananiambia, mdogo wangu wewe ni mwizi, na kesho kutwa kila mtu atajua. Nikamwambia, zipime. Hakuwa nazo, ameshampa yule kijana. Nikamwambia, subiri nikueleze. Hakutaka kusubiri. Alikuwa anapaza sauti. Mimi nilitaka anyamaze kidogo tu, nimweleze kuhusu uzito."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati barabarani.

"Alinyamaza," Bwana Nukta alisema.

Inspekta alisimama, akamwambia kwa maneno yaliyo wazi kwamba anamkamata kwa mauaji ya kaka yake, na kwamba halazimiki kusema zaidi. Aliita gari. Wakati wanasubiri, Koplo alipekua karakana mbele ya shahidi, mwenye duka la jirani. Ndani ya mtungi wa plasta, chini ya meza ya kumiminia, palikuwa na vipande vya kalibu vilivyovunjwa. Kimoja kilikuwa bado na robo ya uso wa malkia, umezama kinyumenyume, na mstari mwembamba shingoni. Koplo alikitia kwenye mfuko, akaufunga, akaandika namba.

"Nifungue mkono mmoja," Bwana Nukta alisema alipokuwa anatolewa. "Nizime mizani. Betri zitakwisha."

Hakufunguliwa.

*

Mkuu wa kituo alisoma karatasi akiwa amesimama, akageuza ya mwisho, akarudi ya kwanza. "Ndugu wa tumbo moja," alisema. Kisha akasaini hati ya kumwachia dereva, akaisukuma upande wa pili wa meza bila kumtazama mtu.

Binti aliinuka kwenye benchi alipomwona Inspekta. Alikuwa na lile shati mkononi.

"Mumeo anatoka sasa hivi," Inspekta alisema. "Hakuna shtaka. Amefutiwa kila kitu."

Binti alifunga macho. Alibaki hivyo, midomo inacheza, na Inspekta akamwacha. Alipofungua alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akitafuta simu kwenye mkoba.

"Ngoja nimwambie baba mdogo. Ulisema nisimpigie mtu. Lakini sasa si naruhusiwa? Atafurahi, hajalala kwa ajili yetu."

"Kaa kidogo," Inspekta alisema.

"Na mambo ya mwili nimwambie pia, maana yeye ndiye..."

"Kaa kwanza, mwanangu."

Ni ile 'mwanangu' iliyomsimamisha. Alimtazama Inspekta usoni, kisha akatazama mlango wa mahabusu nyuma yake, ambao Bwana Nukta alikuwa amepitishwa muda si mrefu, kutoka uani, ili asionekane kutoka kwenye benchi. Hakukaa. Simu ilikuwa mkononi, na jina lilikuwa tayari kwenye kioo.

Inspekta alimweleza. Alitumia maneno machache, na hakuacha lolote ambalo angelisikia baadaye mahakamani kutoka kwa mtu mwingine. Alimweleza sarafu, unga, simu ya usiku. Alimweleza kwamba baba yake alitaka kumwuliza mdogo wake kwanza, kabla ya kumhukumu.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kioo cha simu kilizimika chenyewe.

"Alisema ndiye atakayemwosha," alisema. "Mikono ileile."

"Hatamwosha."

"Basi nani? Baba hakuwa na ndugu mwingine. Upande wa mama walishakwisha wote. Atamwosha nani?"

Inspekta alimpandishia begani mkoba uliokuwa unateleza.

Mlango wa kaunta ulifunguliwa. Koplo alimtoa dereva na kumwekea vitu vyake juu ya mbao: mkanda, pochi, funguo za gari la mikate, kamba za viatu. Dereva alisaini alipoambiwa asaini. Aliona uso wa mkewe, akaelewa kwamba ameshaambiwa. Aliketi kwenye benchi kutia kamba za viatu. Alikosa tundu, akajaribu tena, akakosa.

Binti alimtazama. Kisha aliweka simu ndani ya mkoba, akapiga magoti kwenye sakafu ya kituo, akachukua kamba kutoka mkononi mwake. Aliilowesha ncha kwa mate kama anavyofanya na uzi, akaipitisha tundu la kwanza, kisha la pili.

"Utamwosha wewe," alimwambia mumewe, bila kuinua kichwa.

Dereva alitazama mikono yake.

"Ndiyo," alisema.